Maneno Yaliyobaki Kooni

Kirejeshi kilipopata joto, Sikudhani Mkude alihisi kama anapimwa shingo na fundi cherehani. Ilikuwa kola nyembamba ya rangi ya majivu, na ndani yake mlikuwa na vinasa vidogo kuliko punje za ulezi. Vinasa hivyo vilisikiliza misuli ya koo kabla haijatoa sauti, vikailinganisha na nyimbo alizorekodi ujanani, kisha vikatuma umeme kidogo sana wa kusahihisha. Sikudhani alifumba macho, akavuta pumzi, akaimba mstari wa kwanza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na miwili. Mwenye koo alikuwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu na meno kadhaa ya bandia.

Chande Pazi, mpiga solo na kiongozi wa bendi, aliacha vidole juu ya nyuzi bila kuzipiga. Fidea Kobelo, mwimbaji wa sauti ya pili, alisahau kuitikia.

"Jamani," Fidea alisema. "Si Siku wa Kilakala huyo?"

"Nyamaza, utaharibu," Chande alisema, na huku yeye mwenyewe analia waziwazi.

Studio hiyo ilikuwa kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya jiji la Morogoro. Kutoka dirishani uliona roboti za shamba zikipanda matuta ya maharage kama mbuzi, na chini yake garianga, yale masanduku ya kioo yanayoning'inia kwenye nyaya, yakibeba watu kutoka Msamvu hadi Bigwa bila dereva wala konda. Muziki nao ulikuwa umepata mashine zake. Mtu akitaka wimbo wa kumwomba mkewe radhi, aliagiza kwa tungo-mashine, na wimbo ukafika kabla hajamaliza kuona haya. Nyimbo zilikuwa nyingi mno, nzuri zote, na watu walikuwa wamezichoka zote. Ndipo wakaanza kuwakumbuka Wana Kilakala.

Bendi hiyo ilianza na vijana wa mtaa mmoja, na albamu yao ya kwanza, *Mvua ya Kilakala*, ilirekodiwa ndani ya stoo ya magodoro. Ilipigwa kwenye harusi, saluni na misiba iliyokwisha kupoa. Kisha wakaanza kukimbizana na wakati. Kila mtindo uliokuja waliuvaa, hata ule usiowatosha. Waliacha magitaa, wakaacha chemko, ile sehemu ya wimbo inayoinua watu vitini, wakaacha kutaja majina ya watu ndani yake, na mwishowe wakaachana wenyewe kwa wenyewe. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na yao ilipasuka kwa kishindo: Chande na Fidea walikaa miaka bila kusalimiana, na wote wawili wanaishi Bigwa.

Sasa walikuwa wamerudiana kwa albamu moja ya mwisho, na Chande alikuwa na sharti moja tu. Irudi sauti ya mwanzo. Magitaa yaleyale, ngoma zilezile, chemko lirudi, majina yatajwe. Vidole vyake bado vilikuwa vizima. Fidea naye sauti yake haikuwa imebadilika, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, hakuwahi kuvuta sigara wala kuolewa. Kikwazo kilikuwa Sikudhani. Miaka ilikuwa imeitia sauti yake uzito na mikwaruzo, na nyimbo za *Mvua ya Kilakala* zilitaka wepesi wa jani.

Kwa hiyo akaletwa Injinia Yusta Lulandala, mwanamke kijana wa Iringa aliyebuni kirejeshi kwa ajili ya wagonjwa wa kiharusi, kabla ya watu wa muziki kukiona na kukitamani.

"Sauti haikai kooni, mama," Yusta aliwaeleza siku ya kwanza. "Koo ni filimbi tu. Sauti inakaa kwenye njia. Kila neno unalotamka, ubongo una njia yake ya kulifikisha mdomoni. Njia ulizokuwa nazo ujanani zipo, ila zimeota majani. Wewe ukiimba, kirejeshi kinaifyeka ile ya zamani neno kwa neno. Na hii unayotumia sasa kinaifunga, ili koo lisibabaike."

"Kinaifunga kabisa?"

"Siku, si ndiyo tunachotaka?" Chande alidakia. "Ifungwe."

Yusta akaongeza sharti. "Ukishakivaa, usiongee. Usisalimie, usiombe maji. Imba nyimbo tu. Kirejeshi hakijui tofauti ya wimbo na soga. Kila neno kitakalolisikia kitalirudisha ujanani."

Sikudhani akaimba nyimbo tu. Lakini Wana Kilakala walikuwa na mila waliyoirithi kutoka bendi za dansi za babu zao. Wimbo ukifika kwenye chemko, yaani pale solo linapopanda na watu wanaacha viti, mwimbaji anawaita watu: wenzake wa bendi, jirani aliyewapikia, mtu wa nyumbani. Wimbo usiotaja mtu, Chande alikuwa akisema, ni mboga isiyo na chumvi. Basi kila chemko lilipofika, Sikudhani alinyanyua mkono akaita.

"Chande Pazi, wape! Fidea, mtoto wa Bigwa! Kasiani, Kasiani wee, mtu wa reli, upo?"

Nyuma ya kioo Yusta alitikisa kichwa kwa mdundo. Hakuna aliyemkatiza Sikudhani, wala yeye hakujishtukia. Kwa Wana Kilakala hayo hayakuwa maongezi, ulikuwa wimbo wenyewe. Na Yusta, aliyezaliwa zama ambazo nyimbo hazimtaji mtu, aliyachukua kama maneno mengine yoyote ya mtunzi.

Kasiani alikuwa mume wa Sikudhani.

Alikuwa fundi wa reli maisha yake yote, mtu mrefu, mkimya, na sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa ulianza na majina ya vituo, ukaja kwenye majina ya wajukuu, ukamaliza na nyuso. Uso wa mkewe nao ulikuwa umeshachukuliwa. Asubuhi alimkuta Sikudhani sebuleni akamkaribisha kiti kama mgeni. Kitu kimoja tu ugonjwa haukukigusa. Chakula kikiiva, Sikudhani alisimama mlango wa jikoni akaita, "Kasiani wee!", na popote alipokuwa, Kasiani aliacha alichokuwa anafanya, akaja anatabasamu, akanawa, akala.

Wanawake wenzake mtaani waliwaita waume zao Baba fulani. Yeye tangu siku ya kwanza alimwita mumewe kwa jina, akilivuta mwishoni, kwa ile sauti yake ya ukubwani. Walikuwa wamekutana bendi ilipokwisha vunjika. Ile sauti ya *Mvua ya Kilakala* Kasiani aliisikia redioni tu kama watu wengine, na hata hakuipenda sana.

Nyumbani walikuwa na Mlezi, roboti refu kama kabati, lenye magurudumu na viganja laini. Lilimwogesha mzee, likampa dawa, likampima mapigo. Lakini kuita halikuweza. Lingeita "Mzee Kasiani" hadi jua lizame, naye asigeuze shingo. Sikudhani aliona fahari juu ya jambo hilo, na hakuificha.

Dalili ya kwanza ilitokea kwenye simu. Binti yao, Oliva, alipiga kutoka Mwanza, wakazungumza kidogo, kisha Oliva akasita.

"Mama, nani yuko hapo na wewe?"

"Nipo na baba yako tu."

"Mbona nasikia msichana anadakia?"

Sikudhani alikata simu akacheka. Akasimama katikati ya jiko akaanza kujaribu. "Sufuria," alisema, na sauti ikatoka nzito, ya bibi. "Moyo," akasema, ikatoka nyororo kama ya mwanafunzi. "Sabuni." Bibi. "Mvua." Binti. Maneno aliyoyaimba akiwa na kirejeshi yalikuwa yamehamia ujanani, na yale ambayo hakuna mtunzi mwenye akili angeyaweka kwenye wimbo wa mapenzi yalibaki uzeeni. Alizunguka nyumba nzima akitaja vitu. Kandambili, bibi. Usiku, binti. Mara ya kwanza ilimchekesha. Alipokifikia choo na kurudi, haikumchekesha tena. Alikaa, akainuka, akafungua friji bila kutaka kitu. Alikuwa kama redio inayoshika stesheni mbili, na hakupenda hata kidogo.

Yusta alimtuliza. "Ni kawaida, mama. Njia hazibadiliki zote siku moja. Kipindi cha mwisho ni cha kulinganisha. Kirejeshi kitachukua maneno yanayojulikana na kukisia yaliyobaki, kizibe mapengo yote. Utatoka hapa na sauti moja."

"Ya Kilakala?"

"Ya Kilakala."

Sikudhani aliridhika. Nani angekataa? Alikuwa amepewa kitu ambacho kila mzee anakiomba na hakuna anayekipata.

Lakini siku hiyo mchana alisimama mlango wa jikoni, akaita kama kawaida. "Kasiani wee!"

Kasiani alikuwa dirishani. Aligeuka, akaangalia mlango, akaangalia nyuma ya mlango, kama anayemtafuta mtoto wa jirani.

"Binti," alisema kwa adabu, "unamtafuta nani?"

Sikudhani alijiambia ni ugonjwa. Daktari si alisema utapanda kwa ngazi? Hii ilikuwa ngazi nyingine. Alimshika mkono akampeleka mezani, lakini Kasiani alikula matonge machache tu, akainuka, akaenda mlangoni, akasikiliza nje. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Akawa haketi. Anakwenda geti, anarudi, anakwenda tena. Na mkewe naye, ambaye hakutaka kujiuliza swali lililokuwa likimjia, hakuweza kukaa. Mlezi lilibaki katikati ya sebule, halijui limfuate yupi.

Siku ya kipindi cha mwisho Chande alifika studio mapema na shati jipya. Kulikuwa kumebaki wimbo mmoja. Wakati kirejeshi kinapashwa joto mezani, Yusta aliwapigia kazi iliyokwisha fanyika, kipande kwa kipande, ili wasikie usafi wake. Alizima magitaa, akazima ngoma, akaacha sauti ya Sikudhani peke yake kwenye chemko.

*Kasiani, Kasiani wee, mtu wa reli, upo?*

Ilikuwa sauti tamu, safi, ya msichana asiye na deni na mtu. Sikudhani aliisikiliza hadi mwisho.

"Rudia hapo."

Yusta akarudia.

"Hilo jina kimelitoa wapi?" Sikudhani aliuliza. "Nikiwa na miaka ishirini na miwili sikumjua Kasiani. Sijawahi kulitaja jina lake kwa sauti hiyo. Kimelitoa wapi?"

"Kimelijenga," Yusta alisema, bado hajaelewa. "Kama neno halimo kwenye rekodi za zamani, kinaokota silabi. Tuseme 'ka' ya Kilakala, 'si' ya siku, na kadhalika. Hata hapajulikani palipoungwa, umesikia?"

"Na njia ya jina hilo niliyokuwa nayo?"

Ndipo Yusta alipoelewa. Aliuangalia mtambo wake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuacha pale.

"Imefungwa," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mama, nilisema usiongee."

"Sikuongea!" Sikudhani alipiga kelele. "Niliimba!"

Kabla hajapata wa kumjibu, simu yake ililia. Lilikuwa Mlezi. Lilisema kwa ule upole wake usiobadilika kwamba Mzee Kasiani alitoka nyumbani, kwamba lilimfuata hadi ngazi za kituo cha garianga cha Bigwa na magurudumu yake hayapandi ngazi, na kwamba uongozi wa kituo unaomba mke afike sasa hivi.

Walikwenda wote kwa gari la Chande. Walipofika, garianga zote zilikuwa zimesimama hewani, na watu ndani yake wamebandika nyuso kwenye vioo, wengine wanalalamika, wengine wanarekodi. Kasiani alikuwa amepita kizuizi cha njano, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, pale masanduku yanapochomoka kwenda bondeni. Miguu yake ilining'inia juu ya vilele vya miti. Mtambo wa kituo ulipomwona mtu pale ulisimamisha kila kitu. Roboti za kituo zilijipanga mikono nyuma, kwa kuwa sheria hairuhusu roboti kumkamata mzee kwa nguvu.

"Kila tukimsogelea, naye anasogea mbele," msimamizi wa kituo alisema, mwanamke mnene, filimbi shingoni, jasho limemlowesha. "Anasema anasubiri kuitwa chakula. Wewe ndiye mama? Mwite basi, kwa jina la Mungu."

Sikudhani alifika kwenye kizuizi.

"Kasiani!" aliita. "Kasiani wee, njoo nyumbani!"

Sauti ilikwenda juu ya bonde, safi. Mtu mmoja nyuma yake alisema, "Du, anaimba kama nani vile." Kasiani aligeuza kichwa na kutabasamu, tabasamu la kumpa mgeni.

"Ahsante, binti. Mimi namsubiri mke wangu aniite."

"Ni mimi, mpenzi. Ni mimi mkeo."

"Wewe mtoto mzuri, lakini usimtanie mzee. Sauti ya mke wangu naijua. Ina mchanga ndani yake." Akageukia bonde tena, akajivuta mbele kidogo ili asikie vizuri zaidi.

Sikudhani alijaribu kila alilokuwa nalo. Mume wangu. Roho yangu. Rudi, nakungoja. Kila neno la huba alilolijua alikuwa ameliimba, albamu nzima ilikuwa imejaa huba, na kila neno lilitoka na sauti ya yule msichana. Alimchukia msichana huyo kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Chande alisimama nyuma amejishika kichwa. Yusta alikuwa analia.

Ndipo kandambili ya mguu wa kushoto ikamvuka Kasiani. Ikazunguka hewani, ikapotea kwenye majani. Kasiani akainama mbele kuitazama inakokwenda.

"Kandambili!" Sikudhani alipasuka. "Wewe mzee! Kandambili nimekununulia juzi unazitupa korongoni? Rudisha makalio nyuma! Makalio, nasema! Dawa hujameza, vifungo umefunga pogo, sufuria naiacha inaungua kwa ajili ya ubishi wako! Mzee kichwa ngumu kama gogo la mninga!"

Maneno mawili matatu katikati yake yalitoka ya kibinti. Mengine yote yalitoka na mchanga.

Mgongo wa Kasiani ulinyooka.

"Mama Oliva?" aliita, bila kugeuka, kama mtu anayeogopa kukosea. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Rudi nyuma kwanza, mpumbavu wewe! Kwa makalio! Usisimame!"

Naye akarudi nyuma kwa makalio, polepole, hadi kwenye kizuizi, na roboti zikampisha. Sikudhani alimkamata shati kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka, na hakuacha kugombeza. Aligombeza kucha, akagombeza ndevu, akagombeza soksi ambazo Kasiani hakuwa hata amevaa, kwa sababu aliogopa akinyamaza mzee atampotea tena. Watu kwenye masanduku ya kioo walipiga makofi. Kasiani aliwapungia mkono, amefurahi, hajui ni ya nini.

Jioni hiyo Chande alikwenda na Fidea nyumbani kwa kina Sikudhani. Alikataa chai. Alizunguka kiti chake mara kadhaa kabla ya kusema.

"Siku, kipindi kimoja tu. Wimbo mmoja."

"Nikilinganisha, kandambili nayo itaondoka. Na sufuria. Nitamwitaje?"

"Nimesubiri albamu hii nusu ya maisha yangu," Chande alisema. Hakuwa anatishia, alikuwa anaomba. "Mimi sina mtu wa kuniita chakula. Nina hii tu. Bila kulinganisha, wimbo wa mwisho utakuwa na viraka."

"Basi uwe na viraka."

"Watatucheka."

"Chande," Fidea alisema, "koo la mtu si gitaa lako. Ulitaka turudi mwanzo. Mwanzo tulirekodi kwenye magodoro, na panya analia kwenye wimbo wa tatu. Nani alitucheka?"

Chande alikaa mwishowe. Alimwangalia Kasiani, aliyekuwa amesinzia kitini, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu.

"Panya alikuwa kwenye wimbo wa nne," alisema.

Wimbo wa mwisho uliimbwa bila kirejeshi. Albamu ilipotoka, ilipigwa hadi kwenye vituo vya garianga. Wachambuzi walisema Wana Kilakala wamerudi nyumbani. Kuhusu ule wimbo wa mwisho, wengi waliamini wanaimba wawili, bibi na mjukuu wake, na walisifu jinsi wanavyopokezana. Hakuna aliyewasahihisha. Yusta aliandika sharti jipya kwenye kila kirejeshi, la kukataza kutaja majina, na bendi changa zilipolisoma zilishangaa linahusu nini.

Alirudi pia kwa Sikudhani, zaidi ya mara moja. "Niletee rekodi moja tu," alimsihi. "Moja, ya sauti yako ya ukubwani ikiita jina hilo. Ninaweza kuifyeka upya ile njia." Walitafuta. Albamu zote za zamani zilirekodiwa kabla Sikudhani hajamjua Kasiani. Na Mlezi halikuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyeizima siku lilipoletwa, kwani magazeti yalikwisha kumuibia maneno mengi enzi za umaarufu, akaapa nyumba yake haitarekodiwa tena. Na hata hivyo, nani anamrekodi mke akimwita mumewe kula?

Tangu hapo Sikudhani akawa na maneno yake ambayo hayaimbi kamwe, hata bafuni. Sufuria. Kandambili. Gogo. Makalio. Aliyatunza kama watu wanavyotunza mbegu. Chakula kikiiva alisimama mlango wa jikoni, akashika kiuno, akaanza. "Wewe mzee! Sufuria inapoa! Kandambili umezitupa wapi tena?" Na popote alipokuwa, Kasiani aliacha alichokuwa anafanya, akaja.

Siku moja alikuja, akakaa, akaweka mikono juu ya meza, lakini hakugusa chakula.

"Mama Oliva."

"Mh?"

"Nimekukosea nini?"

Sikudhani aliacha kupakua.

"Siku hizi unanigombeza tu," Kasiani alisema. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza treni ya saa ngapi. "Zamani ulikuwa unaniita jina langu."

Sikudhani alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, juu ya ulimi, na yule msichana amelishika mkononi. Akaufunga mdomo. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akachukua jagi la maji ya vuguvugu, akamnawisha mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kucha kama za kunguru," alisema kwa sauti nzito iliyokuwa ikimtetemeka. "Mzee mchafu wewe."

Kasiani alicheka kidogo. Kisha akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akangoja kama jina litafuata.